Kiti cha Kushoto

Ipo siku moja, mwanangu Yusta, ambayo nikiikumbuka hadi leo mdomo unanikauka kwa vumbi. Ilikuwa kiangazi, jua limeshapanda, nami nimefungwa mikanda ndani ya gari la mashindano, helmeti ya kuazima imenibana masikio, na kulia kwangu ameketi baba yako. Alikuwa kijana mwembamba mwenye hasira za karibu, na alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, awe dereva wa mbio za magari. Mimi nilikuwa kiti cha kushoto, namsomea njia.

Najua hajakusimulia habari hiyo. Yeye akianza kusimulia anaanzia kwenye vikombe, vile alivyovipanga juu ya kabati pale sebuleni kwenu, na ukimwacha anamalizia kwenye vikombe hivyo hivyo. Mwanzo wake anauruka. Lakini wewe umekuja kwangu hapa Maisaka kuniomba nikuombee kwake, akupe lile gari lililolala gerejini uanze mashindano. Umekuja kwa shangazi yako kama inavyotakiwa, na sukari umeleta, nimeiona. Umeniambia pia kwamba mambo ni simpo tu, shangazi akisema neno moja baba hakatai. Basi kaa unywe chai. Nitakueleza yeye alivyoanza, kisha nitakujibu.

Kwetu ni Bonga, hilo unalijua. Enzi hizo barabara ya kwenda Dodoma haikuwa na lami, lori likipita unafunga madirisha na bado unalikuta vumbi kwenye ugali. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, tukabaki na mama, yaani bibi yako, na ng'ombe wachache na shamba la mahindi na mbaazi. Mimi na baba yako tulichunga wote wawili kwa zamu, mmoja akiwa shule mwingine yuko porini na ng'ombe. Usije ukadhani Damiano alizaliwa ameshika usukani. Amechunga mpaka miguu ikapasuka.

Alipomaliza darasa la saba alikwenda mjini kujifunza ufundi kwenye gereji moja nyuma ya soko, kisha mfanyabiashara mmoja wa mbaazi akampa pikapu amwendeshee. Pikapu ilikuwa imechoka, lakini baba yako aliipitisha kwenye tope la masika mahali ambapo wenzake walilala na magunia yao. Watu wakaanza kumtaja. Mbio za magari zilipopita upande wetu, alikwenda kuomba kazi ya kubeba matairi kwenye sevisi, yaani kikosi cha kuhudumia magari, ya tajiri mmoja wa Arusha. Akabeba, akafunga nati, akalala chini ya gari, akarudi nyumbani mweusi kwa oili na macho yanang'aa. Hakuna aliyempa gari, mwanangu. Alianza na tairi begani.

Mwaka uliofuata yule tajiri akamwita. Alikuwa na magari mawili, na dereva wake wa siku zote alikuwa amemwacha. Akamwambia, mashindano yanapita kwenu, wewe utaendesha gari moja na kijana wangu mwingine wa Arusha ataendesha la pili. Atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye dereva wangu msimu mzima, na mwingine atarudi alikotoka. Halafu akaongeza, msoma ramani utafute mwenyewe.

Msoma ramani ndiye anayekaa kushoto. Dereva haioni njia yote, anaona kipande kile kilicho mbele ya boneti tu, na gari linakwenda kasi kuliko macho. Kwa hiyo siku moja kabla ya mbio wanaruhusiwa kupita ile njia polepole. Dereva anaitaja kila kona, msoma ramani anaandika. Kona zinapewa namba, moja ndiyo kali kabisa, sita unaipita bila kuachia mafuta. Siku ya mbio, msoma ramani anasoma alichoandika, na dereva anakwenda kwa sauti ile. Akisoma vibaya mnakufa wote wawili, na dereva asipomsikiliza mnakufa vile vile.

Sasa nani alikuwa tayari kukaa kushoto kwa kijana wa Bonga asiyejulikana? Baba yako aliwaomba mafundi wenzake pale gerejini. Mmoja akasema mke wake ni mjamzito. Mwingine alicheka tu, akaendelea kula muhogo wake. Kila aliyemfuata alimsifu kwa uendeshaji, kisha akatafuta sababu ya kuondoka. Mwishowe akaja kwangu akiwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nasoma masomo kanisani kila Jumapili, na padri alikuwa akisema sauti yangu inafika mpaka kwa wanaochelewa nje. "Dada," akaniambia, "wewe ukisoma hata bati likipigwa na mvua watu wanasikia. Nisaidie hii moja tu."

Nilikubali kwa kumhurumia. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama, na ndivyo nilivyojiambia mwenyewe. Tukaanza kufanya mazoezi na ile pikapu ya mbaazi kwenye njia za mashambani. Siku ya kwanza nilitapika dirishani. Siku zilizofuata nikagundua kwamba naiweza kazi ile, mwanangu, na kwamba naipenda. Nilipenda kusema neno na kuliona gari zima linalitii. Mwanamke wa miaka ile, kwetu, alikuwa anaambiwa maneno tangu asubuhi mpaka jioni, na mimi nilikuwa nimepata mahali ninaposema halafu mwanaume anakanyaga breki. Sikumwambia mtu. Ila nilianza kuota mchana kwamba baba yako akichaguliwa, nami nitakuwa naye msimu mzima.

Ikafika Ijumaa ya kupita njia polepole. Kipande cha mwisho cha mashindano kilikuwa kinakatiza upande wa malisho, huko wafugaji wanakoshuka na mifugo kutoka maeneo ya Kiteto wakati wa kiangazi. Kilikuwa kizuri kwa dereva, kimenyooka, udongo mgumu. Kuna mahali barabara inapanda mwinuko, na ukiwa chini huoni kilicho ng'ambo. Ukivuka kileleni inateremka moja kwa moja mpaka kwenye korongo la mchanga. Tulipofika, hapakuwa na kiumbe. Baba yako akasimamisha gari, akatazama mteremko ule kama mtu anayetazama chakula, akasema, "Andika, nyoosha, usiachie mafuta."

Mimi nilikuwa natazama chini. Barabara ilikuwa imekatwa na njia ya ng'ombe, pana, iliyolimwa na kwato, na kinyesi kilikuwa bado kibichi kidogo ndani. Kule korongoni niliona visima vya mchanga vimezungushiwa miiba. Nikajua tuko wapi. Wewe hukuchunga, nikueleze. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hawanyweshwi kila siku. Maji yako mbali na majani yako mbali, kwa hiyo leo wanapelekwa majini, kesho wanapelekwa malishoni hawanywi, kesho kutwa wanarudi majini. Ile Ijumaa ilikuwa siku yao ya kukaa bila maji. Jana yake walikunywa, kinyesi kile kilinionyesha. Kesho yake, Jumamosi ya mbio, watakunywa tena.

Nikaandika: punguza sana, ng'ombe.

Baba yako akachungulia. "Futa hiyo."

"Sifuti."

"Dada, watu wa mashindano wamepita kila boma wametangaza. Mifugo itazuiwa mpaka magari yaishe."

"Wewe umechunga," nikamwambia. "Lini umewaona ng'ombe wa siku ya maji wakazuiwa, harufu ya maji wameshaipata?"

Alijua ninachosema, maana tuliwahi kukimbizana na ng'ombe wa namna hiyo mimi na yeye, fimbo zimetuvunjikia mkononi, nao wanakwenda tu. Lakini mtu akishakaa ndani ya gari la mashindano, yale aliyoyajua kwa miguu yanabaki nje. Akaniambia kwamba pale ndipo mahali pekee pa kumwacha yule kijana wa Arusha, kwamba tajiri atakuwa amesimama mbele kidogo na saa yake, kwamba nikimpunguzia mwendo hapo nimemnyang'anya kazi. Nilimwonea huruma, lakini kalamu sikuigusa. Mwisho akasema, "Basi isome. Nitaamua mwenyewe nikifika."

"Ukiamua mwenyewe, mimi nakaa humu kufanya nini?"

Tulirudi Bonga kila mtu anatazama dirisha lake.

Jumamosi tulianza vizuri, vizuri mno. Baba yako aliendesha kwa namna ambayo sijaiona tena hata miaka ya vikombe. Nilisoma, akafuata, nilisoma, akafuata, mpaka nikasahau kwamba naogopa. Kwenye kituo cha sevisi tukaambiwa tumelingana na yule kijana wa Arusha, tumebakiza kile kipande cha mwisho. Tajiri akaja dirishani, akampiga baba yako bega, akaenda zake kusimama na saa.

Tukaingia. Nyoosha, sita kushoto, tano kulia, nyoosha. Mwinuko ukaja mbele yetu. Nilitoa sauti yote ya kanisani, nikasema, "Punguza sana, ng'ombe."

Gari likaendelea kuvuta. Nikasema mara ya pili, na nilipokuwa nasema niliyafumba macho, nakuambia ukweli. Nilimwona mama amesimama mlangoni anatungoja. Halafu nikasikia mguu wa baba yako umeachia mafuta, nikasikia breki, mikanda ikanikata mabega, na tukavuka kile kilele kwa mwendo ambao hata baiskeli ingetupita.

Barabara ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Walikuwa wapo, lakini kule juu upande wa kulia, mbali kabisa na njia. Vijana wa Kibarbaig waliokuwa wakiwachunga walikuwa wamewazuia, wengine wametangulia mbele ya kundi na mashuka yao wanayapunga kuwarudisha. Tangazo lilikuwa limefika na wamelishika. Baba yako akaupiga usukani kwa kiganja. Akakanyaga mafuta tena, lakini mteremko ulikuwa umeshakwisha na mwendo tuliouacha kule juu haukurudi. Mimi niliendelea kusoma kona zilizobaki kwa sauti ambayo siitambui.

Tulimaliza nyuma ya yule kijana wa Arusha kwa sekunde chache. Yeye alikivuka kile kilele bila kuachia mafuta, na hakupata baya lolote. Tajiri akamshika mkono palepale. Kwetu alikuja baadaye, akatushukuru, akasema tumejitahidi. Ukiambiwa umejitahidi, mwanangu, ujue umeshaagwa.

Sasa baba yako akafanya jambo la kitoto. Pale magari yalipokusanyika, madereva na mafundi wote wamekaa wanakunywa soda, alisimama akawasimulia kwa sauti jinsi dada yake alivyomfanya apige breki kwa ajili ya ng'ombe ambao hawakuwepo. Aliigiza na sauti yangu. Madereva walicheka mpaka wakapigana mabega. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye boneti na helmeti mapajani, nasikia kila neno. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani, na nimeolewa, nimezaa, nimeaibika mara nyingi.

Nyumbani alinuna. Akarudi kwenye pikapu ya mbaazi, akawa anaingia, anakula, anatoka, hanisemeshi. Nilimpa chakula akakipokea huku akitazama ukuta. Nami nilianza kuamini kwamba nimemharibia maisha. Nikajiandaa kumwomba radhi. Siku moja nimeshaandaa na maneno, tumekaa jikoni sote watatu, mama anasonga ugali, nikafungua mdomo. Mama akaninyooshea mwiko ninyamaze. Bibi yako hakuwa mtu wa maneno mengi, hata shikamoo aliipokea kwa kichwa. Akamgeukia baba yako.

"Ungewakuta ng'ombe barabarani ungemshukuru dada yako?"

Baba yako akasema ndiyo, angemshukuru.

"Hukuwakuta, ndiyo maana unamnunia. Kwani yeye ndiye anayewapeleka majini?"

Mama akaendelea kusonga. "Alikuambia alichokijua," akasema, "nawe ulikijua. Kama unataka mtu wa kukuambia mambo siku atakapokuwa na hakika tu, kaa humo peke yako. Na wewe Paulina, usiombe radhi mbele yangu kwa kosa ambalo hukulifanya. Haya, leteni bakuli."

Tulipokula baba yako alinisogezea mboga, na kwa kijana mwenye kiburi kama yule hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Kesho yake akaniuliza kama nataka twende shambani na pikapu.

Masika yakapita. Mchana mmoja, tunapura maharage uani, akashuka kwenye basi la Arusha mzee mmoja wa makamo, nadhifu, kofia mkononi, anaulizia kwa mama yake Damiano. Tukamkaribisha, akapewa kiti na maziwa. Akajitambulisha, Mzee Aminieli, kazi yake msoma ramani. Baba yako aliposikia jina hilo aliacha fimbo ya kupuria, maana katika mbio za magari alijulikana sana. Amekaa kushoto kwa madereva wakubwa, na madereva wadogo walikuwa wanamwogopa.

Alitueleza kilichomleta bila haraka. Dereva wake alikuwa amestaafu. Tajiri wake, tofauti na yule wetu wa kwanza na mwenye gari zuri kuliko yale yake mawili, alimwambia atafute dereva kijana anayemtaka yeye mwenyewe. "Nimewaona vijana wengi wenye mwendo," akasema. "Mwendo wanao, wengine wana mwendo kuliko huyu. Lakini sisi tunaokaa kushoto tuna mazungumzo yetu. Siku ile huyu kijana alipokuwa anawachekesha madereva kwa habari ya ng'ombe, sisi tulikuwa tumekaa pembeni, na hatukucheka. Tulimsikia anasema mwenyewe kwamba hakuiona hatari, hakuiamini, alikuwa anakaribia kupata alichokuwa anakitafuta, na aliambiwa punguza akapunguza. Nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi, mama. Watu wa namna hiyo ni wachache, na wenzangu wengine wawili watatu wanamtafuta. Nimeona niwahi."

Mwanangu, ndivyo baba yako alivyopata kazi. Alipata kwa kisa kile kile alichokitangaza ili anifedheheshe mimi. Nilicheka ndani ya moyo wangu, na nilifurahi pia, kwa sababu mimi nilielewa kwamba tumeitwa wawili. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza helmeti yangu mwenyewe, isiyonibana.

Baba yako akauliza, "Na dada yangu?"

Mzee Aminieli akanitazama, na nitamheshimu siku zote kwa kuwa alinitazama usoni. "Binti yangu, umeandika noti za njia nzuri kuliko zangu siku ile. Lakini kiti cha kushoto cha gari hilo ni changu. Ndio mkate wangu."

Baba yako akasimama. Akasema mbele ya mgeni na mbele ya mama kwamba bila dada haendi, mgeni amwie radhi, arudi salama. Alikuwa anasema kweli, namjua. Ningenyamaza tu, angebaki. Angeendelea kubeba mbaazi, tungeendelea kufanya mazoezi kwenye njia za mashambani, labda tungeitwa siku moja sote wawili, labda tusingeitwa. Nilitamani kunyamaza. Nakuambia wewe jambo ambalo sijamwambia yeye mpaka leo, nilitamani sana.

Nikamwambia, "Nenda. Na huyu mzee akikuambia punguza, punguza."

Nikaingia ndani nikasema nakwenda kuongeza maziwa. Nilipitia mlango wa nyuma nikaenda zizini nikalia, na mama hakunifuata, alijua. Nilipotoka nilikuwa nimenawa uso. Baba yako aliondoka wiki ile ile. Mimi nikapata kazi ya ukarani hapa mjini, nikaolewa Maisaka, nikazaa, maisha yakaenda, na hayakuwa mabaya. Lakini kiti cha kushoto sikukikalia tena, na kila alipokuja na kikombe kukionyesha kwa mama nilikishika kwanza mimi. Aliniachia nikishike, hakusema kwa nini.

Haya, sasa nikujibu.

Jumapili iliyopita ulinipakia kwenye pikapu ya baba yako kunirudisha kutoka Bonga. Barabara siku hizi ni lami, imelala vizuri, na wewe unaendesha vizuri, sikufichi. Mikono yako inafanana na ya baba yako. Tulipokaribia shule nikakuambia, Yusta, punguza hapo. Ukaniambia, "Naona, shangazi, leo Jumapili." Hukuachia mafuta. Tukapita. Na kweli hapakuwa na mtoto, ulikuwa umesema sawa, shule imefungwa, barabara nyeupe. Ulinitazama kwa jicho la pembeni ukatabasamu, nami nikanyamaza mpaka nyumbani. Ukadhani nimechoka.

Kwa hiyo kwa baba yako sitakwenda, mwanangu. Si sasa. Gari atakupa, najua atakupa, wewe ni binti yake, na ana moyo laini kwako kuliko alio nao kwa vijana wa kiume. Tatizo langu ni kile kiti kingine. Wewe umeniambia habari za injini, za matairi, za leseni ya mashindano, za video unazozitazama kwenye simu, na hujanitajia hata mara moja ni nani atakayekaa humo nawe. Unaiona kazi hii kama kazi ya mtu mmoja. Si ya mtu mmoja, na anayekaa kushoto hana breki, hana usukani, ana sauti tu. Anakukabidhi maisha yake halafu anakuomba kitu kidogo, umsikie.

Nenda kwenye mashindano yajayo ubebe matairi. Usione haya, wewe ni mtoto wa aliyebeba. Kisha omba kukaa kushoto kwa mtu mwingine, msimu mzima ukipata, usome njia ya mwenzako, uone inavyokuwa kusema punguza na kusubiri. Utamjua dereva kwa muda ule mfupi kati ya neno lako na mguu wake. Ukishatoka hapo, tafuta mtu wako. Atakuambia mambo usiyoyaona, na mara nyingi utavuka kilele ukakuta hakuna kitu. Umepoteza muda, umepoteza nafasi, na watu wanacheka. Siku hiyo usimnunie. Mshukuru kwa ng'ombe ambao hawakuwepo, kwa sauti, mbele ya wale wanaocheka, jambo ambalo baba yako alichelewa kulijua na mimi nimelisubiri muda mrefu.

Siku nitakapomwona mtu mwenye akili zake ameketi kushoto kwako, akashuka, na kesho yake akarudi kuketi tena kwa hiari yake, siku hiyo nitavaa kitenge changu kipya niende kwa baba yako mwenyewe. Akikataa, tutagombana mimi na yeye, na tangu utotoni sijawahi kushindwa.

Mungu akutangulie, Yusta wangu. Akupe mkono usiotetemeka, na mguu mwepesi wa kuachia mafuta hata pale unapoona njia ni nyeupe. Akupe mwenzako wa kweli, na akupe sikio la kumsikia. Na popote utakapokwenda kukimbia, akurudishe mzima nyumbani kwa mama yako, na aliye kushoto kwako amrudishe mzima kwa mama yake.